Mwana wa Ilungu

Chuma chekundu kikizamishwa majini hulia. Asubuhi ile ya mwezi wa saba, Oswaldi alipokitumbukiza kisu cha Bwana Tuntufye ndani ya pipa, maji yalikipokea kimya. Mvuke haukutoka. Ilipanda harufu tu, tena si ya karakana: ya chumba alimotoka kujifungua mwanamke, damu na jasho.

Akakitoa. Hakikupinda hata unywele. Akajifanya hakunusa kitu, na huo ndio uliokuwa ugonjwa wake Oswaldi, kujifanya.

Kizwite nzima, mtaani kwake Sumbawanga, walimjua kwa visu vya kupimiwa. Ukienda kwake alikupa bonge la udongo mbichi, ukalifinya kama unavyoshika kisu, naye akachonga mpini kwa kufuata alama za vidole vyako. Shida ilikuwa chuma. Miaka ile springi za lori hazikupatikana, kwa sababu lori halikufa, lilifufuliwa.

Basi, kabla ya asubuhi ile, Oswaldi alipanda baiskeli hadi kitongoji chao cha zamani, barabara ya Kasesya, ambako watu walihamishwa wakati wa Operesheni wakaingizwa kijiji cha Ujamaa. Nyumba zilikuwa zimemezwa na majani. Ilungu la babu yake, tanuri la udongo la kuyeyushia chuma, lilikuwa bado limesimama, refu kuliko watu wawili. Wafipa wa zamani walilipamba ilungu kama bibi harusi kabla ya kuliwasha, na chuma kilichotoka humo waliita mwana. Mwana hachukuliwi mpaka mama, yaani ilungu lenyewe, apewe unga wa ulezi na kuombwa ruhusa. Babu alifariki kabla ya kuomba, wazee wakaliziba lile ilungu mdomo, na mwana akabaki ndani.

Oswaldi aliyajua hayo tangu utoto. Akabomoa zibo kwa jembe, akatia bonge la chuma kwenye gunia. Moyoni alisema, mimi ni Mkristo, hayo ni ya wapagani. Lakini nyumbani alimwambia mkewe ni springi. Kama jambo lilikuwa safi, uongo ulikuwa wa nini? Tusimcheke, nani kati yetu hajawahi kulizunguka swali la namna hiyo?

Mkewe, Bertilla, alikuwa na mimba ya miezi minane. Watoto wao wawili wa kwanza walikuwa wamelala makaburini, nyuma ya kanisa.

Mchana Oswaldi alikuwa anagongea misumari ya mpini, Bertilla akaja akashika mwimo wa mlango.

"Hebu acha kidogo."

"Kuna nini?"

"Ukigonga, anaruka. Ukiacha, anatulia. Tangu ulipoanza."

"Watoto ndivyo walivyo, mama. Huyu atakuwa fundi."

Akagonga mara moja, polepole, kwa mzaha. Chini ya kitenge tumbo liliruka, akaliona kwa macho yake. Akaweka nyundo chini.

Alasiri Tuntufye, bwana nyama wa machinjioni, alikuja kuchukua kisu chake. Akakishika, kikamkaa mkononi. Kisha akakirudisha mezani.

"Fundi, hiki kina joto. Joto la kwapa."

"Kilikuwa juani."

"Jua gani la Sumbawanga mwezi wa saba? Mimi mtu wa Tukuyu, baridi usinifundishe." Akainama, akashusha sauti. "Kinapumua. Sisi kwetu tungesema kina jini. Wacha nibaki na kisu changu butu."

Alipoondoka, mvukuto ulioning'inia pembeni, ambao hakuna mkono ulioushika, ukaanza kujaa na kushuka, kujaa na kushuka, na makaa yaliyokwisha kuzimwa yakafumbua macho mekundu, na ile harufu ya uzazi ikatambaa ukutani mpaka ikaingia nyumbani, na humo ndani Bertilla akaanza kugumia kwa mpigo uleule wa mvukuto, pumzi kwa pumzi, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa akimvuta mtoto kwa kamba ndefu kutoka mbali.

Oswaldi akapiga magoti kando ya kitanda.

"Haikuwa springi," alinong'ona. "Nilivunja ilungu la babu."

Bertilla hakumlaani. "Rudisha," alisema. "Huyu simpeleki makaburini."

Alfajiri Oswaldi alikuwa kwa shangazi yake Luciana, aliyekuwa akibeba unga wa ulezi hadi ilungu enzi za usichana wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja na nini hicho kwenye gunia?"

Akamweleza yote. Shangazi alichukua rozari na kibuyu cha unga. "Usianze kuniuliza dini," alisema. "Umeiba. Mwizi hurudisha."

Walipofika, ukungu ulikuwa bado chini. Udongo wa ilungu ulikuwa na joto, na mahali pale hapakuwa pamewashwa moto kwa miaka ishirini. Shangazi alinyunyiza unga, akaomba kwa Kifipa, kwa sauti ya chini. Oswaldi akakiri dhambi yake huku paji la uso likigusa ardhi, akasukuma kisu ndani ya mdomo wa ilungu, na kutoka ndani, kutoka gizani ambako mkono wake ulikuwa umezama mpaka bega, kitu laini kikakipokea, kikavipapasa na vidole vyake kimoja kimoja kama mama anayehesabu vidole vya mtoto mchanga, kisha kikaanza kupapasa upya, kana kwamba hesabu haikutimia.

Akauchomoa mkono.

"Bonge lilikuwa kubwa kiasi gani?" shangazi aliuliza.

"Kama kichwa cha mtoto."

"Na umerudisha kisu tu?"

"Chuma kila kikiingia motoni hupungua, shangazi. Magamba huanguka. Na tupa nayo hula."

"Yako wapi hayo magamba?"

"Nilifagia. Nilijazia mashimo ya barabarani."

Shangazi akafunga kibuyu. "Basi umemrudishia mwana aliyepungua."

"Atafanya nini?"

"Ungekuwa mama, wewe ungefanya nini?"

Oswaldi aliporudi, mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kiume, mzima, kilio chake kinasikika nyumba ya tatu. Wakamwita Flavian, wakatoa Misa ya shukrani. Mvukuto ulitulia.

Siku ya tisa, adhuhuri, Bertilla alimwita mumewe. Matiti yalikuwa yamemjaa mpaka yanauma, na mtoto anageuza uso. Tumbo la mtoto lilikuwa gumu kama ngoma. Bertilla akampangusa midomo kwa pindo la kitenge. Pindo likatoka na maziwa ya kijivu, yananuka makaa.

"Sijamnyonyesha tangu asubuhi," alisema taratibu. "Baba Flavian, nani kamnyonyesha?"

Safari hii Oswaldi hakudanganya.

"Mama yake."

Bertilla akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akamfunika kwa mikono yote miwili. Na pale pale kifuani pake, midomo ikiwa imefumbwa, koo la mtoto lilikuwa linapanda na kushuka. Alikuwa bado anameza.