Pindo la Kitenge cha Katongo

Haya yalimpata jirani yetu Chabu, hapa hapa Nchelenge kando ya ziwa, miaka ile ya Federesheni, Waingereza bado wanatutawala. Asiyetaka kuamini na asiamini, mimi sigombani na mtu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Upepo ulikuwa umelichafua ziwa tangu juzi, mawimbi yanapiga ufuko, na hakuna mtumbwi uliothubutu kuvuka kwenda kisiwa cha Kilwa. Siku kama hizo wanaume husimama majini hadi magotini na kurusha mishipi kwa mkono, ipite pale mawimbi yanapovunjikia. Chabu alikuwa hajapata kitu cha maana msimu mzima. Lakini shemeji yake Fanwell, kaka mkubwa wa mkewe Rosaria, alijaza vikapu kila siku, na watu walinong'ona.

Nyumba ya Chabu ilikuwa juu tu ya mchanga, na ukisimama majini ulimsikia mtoto wao Katongo analia. Alikuwa anaota meno, basi ni kilio kutwa kucha. Mtoto wa pekee huyo, aliyekuja baada ya miaka ya watu kumcheka Rosaria sokoni. Chabu alikipenda hata kile kilio.

Jana yake Fanwell alimletea mshipi mpya. "Shemeki, nakupatia bahati yangu," alisema. "Leta tu kitambaa kidogo cha kitenge wanabebea mutoto. Tutafungia jiwe la kuzamisha."

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba akiomba kitu cha mpwa wake, baba haulizi. Rosaria alikuwa kwa jirani anatwanga mihogo, na Chabu akapasua pindo la kitenge akampa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu bwana aliipasua nguo mwenyewe!

Basi asubuhi hiyo akarusha, jiwe limefungiwa kile kitambaa. Jiwe halijafika chini, mshipi ukakaza. Kambale mnene! Chabu alicheka kwa sauti, na kule nyumbani kilio cha Katongo kikakatika. Amelala, alijisemea. Alipomtoa samaki kwenye ndoano, kilio kikaanza tena.

Akarusha tena. Mshipi ukakaza. Kilio kikakatika.

Safari hii kiliporudi kilikuwa chembamba, kama kinatoka nyumba ya mbali. Chabu akaacha kucheka. Alimgeukia Fanwell aliyesimama kando yake. Fanwell hakuwa akitazama maji. Alikuwa anaitazama nyumba.

"Rusha," alinong'ona Fanwell. "Mara moja tu, tunarudi."

Chabu akarusha. Mungu amsamehe, alirusha. Mshipi ukawa mzito. Haukurukaruka kama wa samaki. Ulivuta polepole, kwa upole, kama mtoto aliyeshika kidole chako.

Juu ya mchanga kimya.

"Mutoto halii," Chabu alisema.

"Iko analala. Vuta."

"Fanwell, umefanya nini?"

"Ni mutoto wa ukoo wetu, si wa kwenu." Hata sauti hakuinua. "Mutazaa mwingine. Vuta, shemeki."

Mtu aliyekula naye sahani moja! Aliyesimama naye kanisani siku ya harusi! Chabu alichomoa kisu na kuukata mshipi. Ule uliokatika haukuzama. Ulikwenda juu ya maji, kinyume cha mawimbi, ukaelekea katikati ya ziwa.

Alikimbia. Rosaria alikuwa mlangoni, mtoto mikononi. Katongo alikuwa anapumua. Macho wazi, nywele zinachuruzika maji, na ngumi imejaa mchanga wa ziwani. Kwenye mdomo wa chini palikuwa na tundu dogo, safi, bila hata tone la damu.

"Hajatoka ndani," Rosaria alinong'ona. "Chabu, hajatoka ndani." Kisha akashika kitenge begani, akapapasa pale palipopasuka. "Pindo iko wapi? Nimetafuta tangu asubuhi."

Chabu alitamani ardhi immeze. "Nalipatia yaya yako, Fanwell."

Rosaria hakulia. Alikaa chini pale mlangoni.

"Yaya yangu," alisema. Kisha akamwinulia mumewe macho. "Na weye."

Fanwell hakuonekana tena Nchelenge. Wanunuzi wa samaki wanasema yuko kisiwa cha Chisenga, bado anajaza vikapu. Katongo amekua, anakula vizuri, lakini tangu siku ile hajawahi kulia wala kutoa sauti. Na upepo ukivuma kutoka upande wa visiwa, kichwa chake hugeuka ziwani, na ule mdomo wa chini hunyooka taratibu mbele, pale penye tundu. Hapo Rosaria humfunga mgongoni kwa kile kitenge kisicho na pindo, msichana mkubwa vile, miguu inaburuta, akashika nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. Chabu akija kusaidia, mkewe humgeuzia mgongo. Na pale mgongoni, mbele ya macho yake, mdomo wa Katongo unaendelea kuvutwa.