Abiria Aliyepanda Msanzi

"Tukiwapita wafiwa bila kuwaaga, na sisi atatuaga nani?"

Zenon aliuliza hivyo, mkono ukiwa tayari kwenye gia ya gari. Mama yake, Bibi Rosina, alikuwa kiti cha nyuma amekumbatia bunda la nguo. Mpwa wake, Redempta, alikuwa mbele, amekunja uso. Jua la kijiji cha Msanzi lilikuwa linazama. Ng'ambo ya ua wa mabua waombolezaji walikuwa wakiota moto, na wimbo wao ulikatika ghafla walipoliona gari.

Mchana ule wanakijiji walikuwa wamemzika jirani yao, Obed. Aliokotwa shambani ameungua, wakasema ni radi, na mvua yenyewe haikuwa imenyesha. Basi kijiji kikakaa, kikaamua: radi hiyo kaitupa Rosina kwa uchawi. Ushahidi? Macho mekundu! Mwanamke kapuliza moto wa kuni mbichi tangu usichana wake, mlitaka awe na macho ya rangi gani? Lakini nani anauliza? Ukiwa mzee, ukiwa mjane, ukiwa na shamba linalotamaniwa, kesi yako imekwisha kabla hujafungua mdomo. Usiku ule wangemjia. Walikuwa wameshatamka.

Sasa, Ufipani mtu haondoki penye msiba wa jirani hivi hivi. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, unawaaga wafiwa na marehemu wao.

"Ni kidogo tu, mpwa wangu," Zenon alinong'ona. "Marehemu asiyeagwa hukufuata..."

"Mjomba, tukawapigie makofi watu wanaonoa mapanga? Endesha!"

Akaendesha. Masista wa Kaengesa walikuwa wamekubali kumpokea bibi, mradi afike hai.

Gari lilikuwa mtumba wa Japani, la yale yaliyomiminika nchini milango ya biashara ilipofunguliwa. Kompyuta yake ya dashibodi ilikuja ikibwabwaja Kijapani. Redempta, aliyekuwa akisomea mambo hayo chuo kikuu, likizo ile aliufuta mfumo wote, akaweka mfumo endeshi mwingine, mdogo, mwepesi, unaoenea kwenye kadi isiyozidi ukucha. Ukiwasha gari unaamka. Ukizima unasahau kila kitu. Ulijua milango, ulijua uzito wa viti, na ulijua sentensi chache tu alizozirekodi Redempta kwa sauti yake mwenyewe. Kila abiria alionekana kwenye kioo cha dashibodi kama nukta ya kijani.

Walikuwa wameziacha nyumba za mwisho nyuma yao.

"Abiria wa nyuma, funga mkanda," ikasema sauti.

"Bibi, hujafunga?"

"Nimefunga, mjukuu wangu. Mjomba wako kanikaza kama gunia la ulezi."

Redempta akatazama kioo. Nukta mbili mbele.

Nukta mbili nyuma.

"Vumbi limeingia kwenye waya," akasema haraka.

"Vumbi," Zenon akaitikia. Jasho lilikuwa likimtiririka, na uwanda ule ulikuwa na baridi ya kukata masikio.

Kisha ikaja harufu. Nywele zilizoungua...

Nyuma, Bibi Rosina alisema polepole, bila kuwatazama wao: "Sogea kidogo, baba. Unanichoma."

Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Lakini kilikuwa kimebonyea.

"Simamisha," Redempta akasema. "Zima. Mfumo ukiwaka upya utakuwa umesahau huo upuuzi."

"Hapa? Hapa porini, Redempta?"

"Mjomba, zima!"

Akazima. Kioo kikawa cheusi. Upepo ulipita kwenye majani makavu, ukanyamaza. Zenon akawasha tena. Herufi nyeupe zikaanza kushuka kwenye kioo. Mfumo ulikuwa bado haujafika kwenye viti, haujafika kwenye sauti.

"Bibi..."

Ilikuwa sauti ya Redempta. Redempta mwenyewe alikuwa amefumba mdomo.

Neno lile hakuwahi kulirekodi.

"Bibi Rosina, siyo wewe. Ni mimi, Obed. Nasema siyo wewe."

Zenon akauachia usukani. Bibi Rosina akainama mbele, machozi yakishuka. "Najua, baba. Sema wasikie. Nani?"

"Haikuwa radi. Aliyenichoma ni..."

Mkono wa Redempta ulizifikia funguo kabla ya akili yake. Akazima.

Harufu ikaondoka kama moshi uliopata dirisha.

"Umemkatiza," alisema Bibi Rosina. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Walipowasha tena, nukta zilikuwa tatu.

Kaengesa walifika salama. Usiku ule ule nyumba ya bibi kule Msanzi iliteketezwa. Na kwa kuwa Rosina hakuwapo na hasira ilikuwapo, wakamgeukia Bertilla, mjane mwingine mwenye macho mekundu. Alikutwa mtoni, uso chini. Hakukamatwa mtu. Hakuna aliyetaka kujua, na hilo ndilo linalochoma kuliko radi yoyote!

Redempta aliipekua kadi ile herufi kwa herufi. Alikuta sentensi zake chache, basi. Akaubadili mfumo ili usisahau tena kitu chochote. Yeye na mjomba wake wakarudi Msanzi jioni moja, wakachuchumaa kaburini kwa Obed, wakapiga makofi mpaka viganja vikauma. Njia nzima ya kurudi, nukta mbili tu; Obed hakupanda tena.

Zenon hakulala tena. Aliliuza gari pale Kizwite, mjini Sumbawanga, kwa mtu wa safari, na lilipo sasa hakuna anayejua. Bibi Rosina bado yuko kwa masista. Shamba lake linalimwa na mtu mwingine, na mtu huyo akipita hatazami kaburi la Obed.

Kwa hiyo, ndugu, ikiwa umenunua gari kuukuu lililotoka Sumbawanga, na jioni likaanza kukusemesha kwa sauti ya msichana, tafadhali usizime. Mwache ataje jina.