Sauti ya Kiti cha Nyuma

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kama kungekuwa na wingu jeusi, au bundi juu ya paa, au hata umeme kukatika kidogo, ningesema tulionywa. Hakuna. Jua liliwaka vizuri, mayai yalikuja ya moto, na dada yangu alikuwa anakusanya vipande vya sabuni vya hoteli na kuvishindilia kwenye soksi, kama afanyavyo kila mtu mwenye akili siku ya mwisho.

Ilikuwa hoteli ya kupeleka watoto. Nyuma yake kuna bustani kubwa ya michezo, yenye gurudumu refu kuliko jengo lenyewe, treni inayojitupa bondeni, na vikombe vikubwa vya kuzunguka. Mimi nimekuwa mpishi wa meli nusu ya maisha yangu. Nimepita kwenye mawimbi yaliyowafanya manahodha waite mama zao, na sufuria yangu haikumwagika. Nilitapika kwenye kikombe cha bustani ile, mbele ya foleni nzima ya watoto, na kikombe chenyewe kilikuwa cha rangi ya waridi. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo mpwa tunamwita Chiriku. Hajanyamaza tangu alipolijua neno la kwanza. Anaongea akila, anaongea akioga, anaongea usingizini, na ukithubutu kumjibu anakwambia, "Subiri mjomba, sijamaliza."

Baba yake, yaani shemeji yangu, ni dereva wa basi la shule. Mtu mwema, ila hasira zake ziko mlangoni. Fahari yake ni moja tu: hajawahi kumwacha mtoto wa mtu. Kabla ya kuondoa gari, popote pale, huita abiria mmoja mmoja bila kugeuza shingo, na kila mtu huitika, "Nipo." Hata tukienda dukani mimi na yeye tu, ananiita, na mimi naitika, mwanamume mzima na kitambi changu.

Upande wetu nao tuna jambo letu, alilotuachia mama: aliyenuna hatazamwi. Ukimtazama unamchochea. Unamwacha anune hadi aseme mwenyewe. Jambo hilo limeokoa ndoa nyingi katika ukoo wetu. Lakini ukilichanganya na lile la shemeji, unaweza kusafiri na kitu usichokijua.

Mchezo wa mwisho ulikuwa Nyumba ya Mwangwi. Jengo fupi, jeupe, lisilo na madirisha, limekaa peke yake karibu na maegesho ya magari. Kando ya mlango wa mbele kuna tundu ukutani. Unataja jina lako kwenye tundu, unaingia, unapita ukumbi wa giza, na ukitokea mlango wa nyuma nyumba inakurudishia jina lako kwa sauti yako mwenyewe. Basi. Upuuzi mtupu. Langu lilirudi pamoja na mafua yangu yote. La dada likarudi. La shemeji likarudi likiwa limekasirika.

La Chiriku halikurudi.

"Baba, haijanirudishia," akasema.

Mhudumu wa pale, mwanamke aliyevaa sare ya zambarau, alikuwa anasafisha kucha kwa ncha ya ufunguo. Hakuinua macho. "Wengine inawachelewesha," akasema. "Arudi aombe tena. Aende peke yake."

"Hakuna kurudi," shemeji akasema. "Barabara itajaa."

"Lakini baba, ni jina langu!"

"Nimesema twende."

"Baba, subiri, sijamaliza..."

"Nyamaza! Sitaki kuisikia sauti yako mpaka tufike nyumbani!"

Dada akamgeukia mumewe: safari nzima anawaswaga watu kama ng'ombe, kula haraka, kucheza haraka, hata kupumzika haraka. Mimi, kwa vile sijui kunyamaza panapostahili, nikasema nyumba ikimpunguzia mtoto maneno mawili matatu, masikio yetu yatashukuru. Hakuna aliyecheka. Chiriku alinitazama kana kwamba nimempiga kofi.

Kwa hiyo tulikwenda kwenye gari tumenuna wote. Nikanuna na mimi, kwa sababu mchekeshaji asiyechekewa ni mtu hatari.

Gari lina safu tatu. Shemeji na mimi mbele, dada katikati, amejifunika uso kwa mtandio. Nyuma kabisa ni kiti cha Chiriku, kimezungukwa na mabegi. Milango ikabamizwa. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mama?" shemeji akaita, macho kwenye kioo cha mbele.

"Nipo," dada akasema kwa sauti ya kisu.

"Mjomba?"

"Nipo."

"Chiriku?"

"Nipo."

Gari likaondoka.

Njia ilikuwa ndefu na wazi, mchana mweupe. Tulipita mashamba, tukapita kiwanda cha saruji, tukapita mji usio na watu barabarani. Hakuna aliyesema kitu. Nikafikiri, leo Chiriku amenuna kweli. Nikajisikia vibaya. Nikajaribu kumtupia mzaha bila kugeuka, ule wa nahodha na kuku, anaoupenda kuliko yote. Nikaishia katikati, pale ambapo yeye humalizia.

"Chiriku? Kuku akasemaje?"

"Nipo," akasema.

Kwenye kituo cha mafuta shemeji aliita tena. Tukaitika tena. Sauti ilikuwa ile ile, ya upole, ya adabu. Adabu ndiyo iliyonisumbua kidogo. Chiriku hana adabu ya namna ile.

Dada akalegea. Moyo wa mama hauwezi kununa safari nzima. Akafungua pakiti ya biskuti, na bila kutoa mtandio usoni akapeleka mkono nyuma, juu ya kiti.

"Chukua, mwanangu."

Biskuti ilibaki hewani.

"Chiriku, chukua basi. Mkono unauma."

"Nipo."

Mkono wa dada haukurudi. Niliuona kwenye kioo cha pembeni. Biskuti ikaanguka.

Hapo simu yake ikalia.

Akaiweka sikioni. Sauti ya mwanamume ilisikika hadi mbele. Alikuwa mlinzi wa geti la bustani. Alisema ana mtoto wa kike pale kwenye kibanda chake. Amesoma namba kwenye bangili ya hoteli aliyovaa mkononi. Mtoto hasemi.

"Umekosea namba," shemeji akafoka kabla dada hajajibu. "Mtoto wetu tunaye! Chiriku!"

"Nipo."

Dada akavua mtandio. Akageuka.

Mabegi. Mto wa shingo. Mkanda wa kiti, umefungwa vizuri, umebana hewa.

Shemeji alisimamisha gari pembeni ya barabara, matairi yakalia. Sijawahi kumwona mtu mwenye hasira vile. Uso ulikuwa umevimba. Alifungua mkanda wake, akageukia kile kiti kitupu na kupiga kelele, mate yanaruka. "Shuka! Shuka kwenye gari langu! Shuka!"

"Nipo," ikasema. Kwa upole. Kwa sauti ya mtoto wake.

Akanyoosha mkono kufungua mlango wa nyuma. Dada akamdaka kifundo cha mkono.

"Usifungue," akanong'ona.

"Niache!"

"Hasemi. Umesikia mlinzi? Mtoto hasemi." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini sauti haikuyumba. "Hiki si kitu kingine. Hii ni sauti yake. Ikitoka hapa tutaifuata wapi? Funga madirisha. Funga yote."

Tukafunga. Kiyoyozi cha gari lile kilikufa zamani. Tuligeuza gari tukarudi na njia ile ile, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka hadi kwenye viatu. Nilitamani kusema kitu. Kila nilipovuta pumzi niliogopa kuivuta ile sauti.

Mara moja moja, bila kuitwa, ilisema, "Nipo."

Shemeji alikuwa analia kwa meno yaliyobana. Mimi nilikuwa na hasira. Si woga, hasira. Hasira na yule mwanamke na kucha zake. Hasira na mdomo wangu.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katika kibanda cha mlinzi. Alipotuona alisimama, akafungua mdomo wote, mishipa ya shingo ikatoka. Alikuwa anapiga kelele. Hakikutoka kitu. Hata pumzi haikusikika.

Mlinzi, mzee wa makamo yangu, alinivuta kando. "Mmefanya vizuri kurudi," akanong'ona. "Wengine hubishana na mimi kwenye simu. Wanasema mtoto wao wanaye. Wanakata."

"Na hao watoto wanaobaki?"

Alitazama viatu vyake.

Tuliingia garini kwa haraka, mlango ukifunguliwa kidogo tu na kufungwa. Chiriku akakaa kwenye kiti chake. Dada akamkumbatia. Shemeji aligeuka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udereva, akamtazama abiria usoni.

"Chiriku?"

Midomo ya mtoto ikatikisika. "Nipo," ikasema sauti, lakini ilitoka upande wa pili wa kiti, kwenye mabegi.

Wakatazamana, yeye na mahali pale.

Basi nikashuka. Meneja wa bustani alikuwa amefika na tabasamu lake, amevaa tai yenye picha za maputo. "Mzee, mtoto amechoka tu. Wakichoka hunyamaza," akasema, na kunipa tiketi za kurudi bure. Nilizichana nikamrushia kifuani. Nikaenda kwenye Nyumba ya Mwangwi. Mlango ulikuwa na mnyororo. Mwanamke wa zambarau hakuwepo. Tundu lilikuwepo.

Nikaweka mdomo wangu pale na kuitukana ile nyumba. Niliitukana kwa lugha za bandari zote nilizolala. Matusi ya makuli, matusi ya maharamia waliostaafu, na yale niliyofundishwa na bibi mmoja muuza samaki ambayo sijawahi kuyatumia kwa binadamu. Ukuta ulikuwa wa baridi kwenye midomo yangu, jua lote lile.

"Mrudishie mtoto sauti yake! Umesikia? Kama una njaa, kula ya kwangu! Mimi nimeshaongea vya kutosha!"

Nikazunguka hadi mlango wa nyuma, nikasubiri mwangwi.

Haukuja.

Kilichokuja ni kelele kutoka kwenye maegesho. Kelele kali, chafu, isiyo na adabu hata kidogo.

"Mliniacha! Mliniacha! Nilirudi kuliomba jina langu, nikaita na hamkugeuka! Baba wewe ni dereva gani?"

Nilikimbia na kitambi changu. Shemeji alikuwa amepiga magoti juu ya lami, anamwomba mtoto msamaha, mtu ambaye hajawahi kumwomba hata polisi wa barabarani. Chiriku alikuwa anampiga mabegani kwa ngumi na kuongea, kuongea, bila kituo. Dada alinishika uso kwa mikono yote miwili.

"Kaka, umefanya nini?"

Nilikuwa na jibu zuri. La kuchekesha kweli. Nikafungua mdomo.

Ndiyo maana nayaandika haya. Daktari amenimulika kooni, anasema koo ni zuri, anatamani angekuwa nalo yeye. Shemeji anasema tangu aingie kwenye ukoo huu hajawahi kumaliza sentensi mbele yangu, sasa anazimaliza zote. Halafu anatoka nje na kukaa garini peke yake. Chiriku hunisemea madukani, na bei anazonipatia ni nzuri kuliko nilizokuwa napata mwenyewe. Kwa hayo sina kinyongo. Ningefanya tena.

Kinachonikasirisha ni cha Jumapili iliyopita.

Tulikuwa mezani kwa dada, wote wanne, mchana, nikimenya viazi. Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya yule mlinzi. Dada akabonyeza ili tusikie sote.

Nilijisikia nikicheka ndani ya simu. Kicheko changu chote, hata ule mkoromo wa mwisho. Sauti ilikuwa imechangamka, haina mafua. Ikatusalimu vizuri. Ikasema hali ya hewa kule ni nzuri, vikombe vimepakwa rangi mpya, lini tunakwenda.

Halafu ikaanza kuita, taratibu, kama shemeji anavyoita.

"Mama?"

Shemeji alikuwa amemziba dada mdomo kwa kiganja, asije akaitika.

"Baba?"

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Ganda la kiazi lilikuwa linaning'inia.

"Chiriku?"

Mtoto alikuwa amebana midomo kwa mikono yake yote miwili, macho kwangu, amejaa maneno hadi mashavuni.

"Chiriku? Chiriku, mpenzi wa mjomba?"

Haikukata. Iliendelea kuita mpaka simu ikaisha chaji, na hata baada ya kioo kuzimika niliisikia mara moja zaidi. Ningeitukana. Wallahi ningeitukana mpaka ivunjike. Lakini matusi yangu yote inayo yenyewe.