Tovuti Iliyokufa kwa Mtu Mmoja

"Mgonjwa amezimia. Nenda."

Sauti ya Kituo, makao ya kikosi chake cha upelelezi, ilikatika sikioni. Nge hakuuliza mgonjwa gani. Aligeuza Yamaha yake katikati ya barabara, akapenya kati ya malori mawili, honi zikamfuata kama matusi.

Mgonjwa alikuwa tovuti.

Iliishi ndani ya kompyuta moja, chumba cha nyuma cha duka la dawa la wifi yake. Mfamasia yeyote aliandika namba iliyo kwenye boksi. Ikija kijani, dawa ni halali. Ikija nyekundu, ni bandia. Kaka yake Nge aliijenga mwenyewe, akaitunza mwenyewe, akakataa kuikabidhi kwa kampuni yoyote. Walanguzi wa dawa bandia walimbembeleza. Wakamtisha. Mwisho wakamfuata kwa gari. Alikutwa mtaroni, mifuko imepekuliwa, simu haipo.

Hakuna aliyekamatwa mpaka leo.

Na leo mzigo mpya ulikuwa umeingia mjini. Dawa za sindano za watoto wachanga. Ndani ya vichupa, maji ya chumvi.

Wifi alisimama mbele ya skrini, mikono kichwani. Ukurasa ulikuwa mweupe, na maneno mawili tu: Hitilafu 500.

"Nimezima, nimewasha. Nimezima tena. Nimeipiga hata kofi, wifi."

"Ikasemaje?"

"Imenikodolea macho tu."

"Basi usiiguse tena. Kaka alikuwa akisemaje?"

"Soma kwanza, tibu baadaye."

Nge aliilaza bastola yake ya Glock kando ya kipanya, akaketi.

Kompyuta ilikuwa hai. Diski haikuwa imejaa. Hifadhidata iliitika ilipoitwa. Ugonjwa haukuwa huko. Akafungua kumbukumbu za makosa, akashuka hadi chini kabisa. Mistari yote ya mwisho ilimlalamikia mtu mmoja: kiongezi, kipande kidogo cha programu kinachoendesha fomu ya mawasiliano. Kila ukurasa ulipojaribu kufunguka, ulijikwaa hapo, ukaanguka.

Faili lake lilibadilishwa asubuhi hiyo hiyo.

"Nani ameingia humu leo?"

"Mimi peke yangu. Nani mwingine?"

Nge alilitazama jina lililoandikwa.

Kaka.

Marehemu alikuwa ameripoti kazini asubuhi, akaibomoa nyumba yake mwenyewe, akaondoka.

"Wifi, akaunti yake hukuifuta?"

Wifi alijishusha taratibu juu ya katoni la glavu. "Niliambiwa niifute. Nikafika mpaka kwenye kitufe. Jina lake likanitazama. Nikashindwa. Hata laini yake ya simu sikuifunga. Ningemzika mara ngapi, wifi yangu?"

Nge alimshika bega. Hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya humu ndani.

Kuingia kwa jina lile kulihitaji namba ya siri, na namba hiyo ilitumwa kwenye simu ya kaka. Simu iliyoporwa mtaroni. Aliyekuwa nayo leo ndiye aliyekuwa mtaroni siku ile.

Akafungua orodha ya wageni wa tovuti. Anwani moja ya mtandao ilirudi, ikarudi, ikarudi tena. Mtu alikuwa akiufungua ukurasa uliokufa kila baada ya muda mfupi, kama muuaji anayerudi msibani kuhakikisha maiti haijafumbua jicho.

"Kituo. Anwani hii ni ya nani?"

"Subiri." Kibodi ilipigwa haraka. "Ghala la baridi, nyuma ya kiwanda cha matofali. Amelikodi Manukato, na leo amewaita wafamasia huko kununua."

Manukato. Mtu anayenukia kabla hajafika. Kwenye mazishi ya kaka alileta shada kubwa kuliko yote.

"Tuvamie?"

"Msimguse. Sasa hivi atasema mzigo si wake. Nataka auuze kwa mdomo wake mwenyewe."

Nge alikiondoa kiongezi. Akapakia upya ukurasa. Akarudisha faili safi kutoka kwenye nakala aliyoiacha kaka. Akapakia tena. Jambo moja, kisha kutazama. Hivyo ndivyo kaka alivyomfundisha.

Tovuti ilifunguka. Wifi alipiga kigelegele.

"Sasa tuiue tena," Nge alisema.

"Umerukwa na akili?"

"Kwa mtu mmoja tu."

Aliandika amri fupi. Anwani ya ghala ipewe ukurasa mweupe na Hitilafu 500. Dunia nzima ipewe tovuti.

Akachukua koti jeupe la wifi msumarini, akaificha Glock chini yake.

Ghalani wafamasia walikuwa wameyazunguka maboksi. Harufu ya Manukato ilimpokea Nge mlangoni. Fundi wake wa kompyuta aliinamia ThinkPad pembeni.

"Bado imekufa?" Manukato alimnong'oneza.

"Kama jiwe, mkuu. Naitazama."

Manukato akapaza sauti. "Ndugu zangu, ile tovuti yenu imelala leo. Lakini mimi mnanijua! Mzigo huu ni wangu, nimeuagiza mwenyewe, na neno langu ni muhuri."

Mama mmoja mfamasia, miwani puani, aliinua simu yake. "Imelala wapi, baba? Mbona hii hapa iko macho? Na imewiva nyekundu kama macho ya mlevi."

"Yangu pia nyekundu!"

"Na hii!"

Manukato alimgeukia fundi. Fundi aliigeukia skrini. Mweupe.

"Mkuu, naapa imekufa!"

"Kwako," Nge alisema.

Glock ilikuwa imeshatoka. Nje, breki za magari ya Kituo zililia.

"Si mimi, dada!" Fundi alikuwa tayari chini, mikono kisogoni. "Mimi natumwa tu!"

Nge hakumtazama. "Wifi," alisema kwenye kipaza sauti kidogo cha kola. "Omba namba ya siri ya kaka."

Kitu kilitetemeka ndani ya koti la Manukato.

"Itoe."

Aliitoa. Kona ya kioo ilikuwa imepasuka. Nge aliujua ule ufa. Yeye ndiye aliyeiangusha simu ile, jikoni kwa kaka, wakicheka.

"Hii... hii niliiokota."

"Mtaroni?"

Jasho lilishinda manukato. Kidole cha Nge kilikaza kwenye kifyatuo cha bastola. Mwaka mzima alikuwa ameota sekunde hii, na katika kila ndoto alikuwa amefyatua.

"Isome namba," alisema. "Kwa sauti."

Aliisoma, tarakimu baada ya tarakimu, sauti ikimkauka. Sikioni mwa Nge vitufe vilibofywa polepole. Kisha kikabofywa kimoja cha mwisho.

"Nimeifuta, wifi." Wifi alikuwa analia. "Hakuna atakayeingia tena kwa jina lake. Nimemlaza."

Nge alishusha pumzi, kisha bastola. Aliichukua simu kwa kitambaa, akamkabidhi ofisa wa kwanza aliyeingia.

"Risasi yako ninayo," alimwambia Manukato. "Ila kaka yangu hakuruhusu mtu kuvunja kitu kabla hakijasomwa. Utasomwa mahakamani, mpaka mstari wa mwisho."

Pingu zililia nyuma yake. Alikuwa ameshafika kwenye Yamaha, analivua koti la wifi na kulikunja vizuri.

"Nge," Kituo kiliita. "Mgonjwa?"

"Ameamka. Anaulizia kazi."

Akavaa kofia, akaondoka bila haraka.