Kishibishi

Kishibishi kilipowashwa, Nyemo alikuwa na kipande cha chapati mdomoni. Akaacha kutafuna. Akakitoa taratibu, akakiweka pembeni mwa sahani, akaitazama chapati iliyobaki kama mtu anayetazama kiatu cha jirani.

"Siitaki tena," alisema.

"Ndiyo kazi yake, dada," alijibu mdogo wake, Sechelela.

Sechelela alikuwa mhandisi katika maabara moja jijini Dodoma, enzi ambazo mvua ilinyesha kwa ratiba na roboti ndizo zilizofagia barabara. Chombo alichokibuni kilikuwa kidogo kama punje ya uwele. Kilipandikizwa shingoni, kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka habari za tumbo ubongoni, na kazi yake ilikuwa kuuambia ubongo jambo moja tu: umeshiba.

Kilikusudiwa kufanya kazi polepole, mwaka mzima, kikizimwa mara kwa mara ili mshipa usisahau njaa. Lakini Nyemo alikuwa na harusi ya wifi yake mwezi uliofuata, na sare iliyokwisha kushonwa haikumtosha.

"Mwili ukikonda haraka hivyo, misuli nayo huondoka," Sechelela alimwonya. "Unaweza kupata mawe kwenye nyongo. Na huo mshipa sijui utavumilia vipi."

"Wewe umezaliwa mwembamba, ndiyo maana una subira," Nyemo alisema. "Magoti yananiuma, sukari imepanda, na mawifi wananiita tangi la maji. Niende harusini nimejifunga shuka?"

Sechelela alicheka. Akakiongeza nguvu.

Tusikionee kile chombo. Kilitimiza kilichoahidi. Sukari ilishuka. Magoti yalitulia, na Nyemo akawa anapanda ngazi huku akiongea na simu bila kuhema. Harusini alicheza mpaka mawifi wakakaa chini kwa kuchoka, na yule aliyemwita tangi akamvuta pembeni kumwomba namba ya mdogo wake. Haukupita muda, nusu ya jiji ilikuwa inataka kishibishi cha haraka, na hakuna aliyeuliza habari za kile cha polepole.

Kisha nywele za Nyemo zikaanza kubaki kwenye kitana. Mikono ikapoteza nguvu, akawa anashindwa hata kusonga ugali. Siku moja alianguka sokoni, kikapu cha vyakula kikiwa mkononi. Sechelela alikizima kishibishi, halafu akakitoa kabisa.

Njaa haikurudi. Mshipa ulikuwa umezoea kunyamaza. Akili unde ya hospitali ilizisoma picha za shingo ya Nyemo, ikajibu kwa adabu kwamba hakuna kilichobaki cha kurekebisha.

Sechelela akamtengenezea kengele ya ukutani. Ikilia, Nyemo anakula. Alikula kama mtu anayemeza vidonge, akakoma pale kengele ilipolia mara ya pili. Mwanawe, Masima, alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Baba yake alifanya kazi migodini, akirudi mara chache, kwa hiyo mtoto alijifunza kula akimtazama mama yake.

Miaka ilipita. Alasiri moja Sechelela alibisha hodi, akawakuta wote wawili wamekaa mezani. Ugali wa uwele ulikuwa umekauka juu, na mlenda umepoa.

"Mbona hamli?"

"Bado haijalia, mama mdogo," alisema Masima.

Sechelela aliinua macho ukutani. Taa ya kengele ilikuwa imezimika.

"Imeharibika tangu lini?"

"Labda jana," Nyemo alijibu bila wasiwasi. "Nilijua haijafika saa yake."

"Dada. Mtoto hajala tangu jana?"

"Hajaniambia kitu."

"Nilimwambia," Masima alisema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia tumbo linauma. Akanipa dawa."

Chupa ya dawa ya minyoo ilikuwa pale pale, karibu na bakuli la mlenda. Nyemo aliitazama, kisha akamtazama mwanawe, na uso wake ukabadilika polepole.

"Nilidhani ni minyoo," alisema. "Sechelela, mimi sikumbuki inavyokuwa. Kumbe njaa inauma?"

Sechelela alijua kila tawi la mshipa ule.

"Inauma, dada."

Akachukua kijiko, akagonga sahani. Mama na mwana wakanyoosha mikono kunawa kwa pamoja. Masima alikula kwa pupa, mlenda ukimchirizika kidevuni. Sechelela akamtazama akila. Mtoto huyu alikuwa mzima. Mshipa wake haukuwahi kuguswa.

Nyemo alikula matonge machache, akachoka, akafuta mkono.

Masima akaacha kutafuna.

"Endelea, baba," Sechelela alimbembeleza. "Hujashiba wewe."

"Mama amemaliza."

"Mwache mama. Tumbo lako linasemaje?"

Masima aliinamia tumbo lake, akalisikiliza kidogo, kisha akamgeukia mama yake ili ajue kama ameshiba. Nyemo aliitazama kengele iliyozimika. Mtoto akalitoa tonge lililokuwa mdomoni, taratibu, akaliweka pembeni mwa sahani.

Shingoni mwake hakukuwa na kovu lolote.