Aliyeipenda Sauti ya Fahmi

Fahmi alikwisha nyamaza, amekaa juu ya gogo anakunywa maji, ndipo sauti yake ilipotoka kichakani ikasema, "Kumi na nane."

Radhiya aliiandika namba ile kwa mazoea, kisha mkono ukamganda. Alimtazama mumewe. Maji yalikuwa yakimchuruzika kidevuni.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Fahmi alinong'ona. "Na mimi niliishia kumi na saba."

Ilikuwa siku ya nne ya kazi. Kila mwaka masika yakishapita, mke na mume hawa wa Jadida, mjini Wete, waliajiriwa kwa wiki sita kuingia msituni kuhesabu miti migeni. Ilikuwa miti iliyoletwa zamani kwa ajili ya mbao. Popo wakala matunda yake na kutawanya mbegu, hata ikaanza kuisonga miti ya asili. Fahmi alitangulia na kamba ya kupimia, akiutia rangi nyekundu kila mti mgeni na kuita idadi, Radhiya akifuata nyuma na daftari. Wakataji wangekuja baada yao na kufuata alama. Kazi hiyo ilimfaa Fahmi, kwani sauti Mungu alimjaalia. Akiadhini alfajiri hata wavivu waliona haya kubaki kitandani, na kwenye maulidi watu hawakuondoka mpaka yeye asome.

"Labda ni mwangwi," Radhiya alisema.

"Mwangwi hurudia, Radhiya. Hauendelezi hesabu."

Saa sita ilikuwa imepita kidogo, jua limesimama utosini, hapana jani linalotikisika. Kutoka kichakani ikaja harufu ya marashi ya mawardi yaliyochacha. "Kumi na tisa," sauti ikasema, safari hii karibu zaidi. Fahmi akainuka kwa hasira ya mtu anayeona kitu chake mkononi mwa mwengine.

"Nani wewe?" akaita.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Alipomgeukia mkewe midomo ilicheza, koo likapanda na kushuka, lakini hakikutoka hata kikohozi.

Hospitalini Chake Chake daktari alimmulika koo, akampiga na picha, akasema haoni ugonjwa. Siku tisa Fahmi alikaa kitako nyumbani, na kila alfajiri alipoadhini mtu mwengine alijifunika shuka gubigubi. Mama yake, Bi Kazija, ambaye aliishi nao, hakula akashiba.

"Mwanangu," alimwambia Radhiya, "hospitali tumekwenda. Sasa twende kwa Bi Tatu."

Bi Tatu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeuza samaki wa kukaanga barazani, na watu akiwaagulia chumba cha uani. Aliandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha, akamnywesha Fahmi. Akamfukiza ubani. Kisha akamwekea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, na alipoinua kichwa uso wake ulikuwa umesawijika.

"Mimi namtoa jini alomo ndani ya ntu," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu hamna kitu ndani. Kaibiwa, na mwizi kabaki kulekule."

"Mwizi gani, Bi Tatu?"

"Mahali pale palikuwa na mzimu. Bibi zetu wakipeleka mayai na mawardi, wakizungumza naye. Ile miti migeni ikaziba njia, watu wakasahau. Miaka yote hiyo hasikii ntu. Halafu anakuja mumeo, kutwa nzima anaita kwa sauti kama ile." Akatikisa kichwa. "Kaipenda. Mimi sina la kufanya. Mrudisheni nyumbani."

Usiku ule Radhiya hakupata usingizi, na kulipokucha hakumuaga mtu. Alipanda bodaboda hadi ukingo wa msitu, akaingia peke yake.

Wakataji walikwisha pita. Kichaka chote kilikuwa chini, visiki vimetota utomvu, na jua lilichoma mahali ambapo halikuwa limegusa ardhi kwa miaka. Harufu ya mawardi ilikuwa nzito hata akaziba pua.

"Radhiya," sauti ya mumewe ikamwita, taratibu, vile alivyomwita wakiwa wawili tu chumbani.

Radhiya aligeukia ilikotoka. "Irudishe," akasema.

"Na mimi nitakaa wapi? Mmeihesabu nyumba yangu mti kwa mti, kisha mkaniletea mashoka."

Radhiya alilia. Alimuwaza Fahmi chini ya shuka lake. "Njoo kwetu," akasema. "Rudisha sauti ya mume wangu, uje ukae utakapo."

Sauti ikasogea. "Umesema utakapo?"

"Nimesema."

Alitoka mle msituni mbio, na nyuma yake hakusikia hatua wala pumzi wala jani kukanyagwa, ila harufu ile ilimfuata, ikapanda naye bodaboda hata dereva akamuuliza kama amevunja chupa ya manukato, ikashuka naye Jadida, ikapita naye uchochoroni baina ya kuta za nyumba, ikamtangulia mlangoni, na kabla hajavua viatu akamsikia Bi Kazija ndani akipiga vigelegele na kulia kwa pamoja, na juu ya vigelegele hivyo sauti ya Fahmi, safi kama zamani, ikisema, "Karibu, mke wangu. Nimefika."

Radhiya alisimama kizingitini. Mdomo wa Fahmi ulikuwa ukitabasamu. Macho yalikuwa yamemtoka pima, yakimtazama kama ya mtu anayezama.

Alirudi nyuma hadi uchochoroni, akampigia simu Bi Tatu, mkono umeziba mdomo.

"Sasa yumo, Bi Tatu. Yumo ndani yake. Njoo umtoe."

"Kaingiaje?"

"Nilimkaribisha."

"Alovamia hufukuzwa, mwanangu," Bi Tatu alisema. "Alokaribishwa yuko kwake." Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupokelewa.

Ijumaa Bi Kazija alipika pilau ya shukrani. Jamaa walijaa ukumbini, wakamketisha Radhiya ubavuni mwa mumewe. Mdomo ulimwamkia kila mtu kwa jina, ukamtania kila mtu. Machozi yalikuwa yakimtiririka Fahmi mashavuni mfululizo, na wageni wakasema ni furaha ya kupona.

"Fahmi, tusomee japo kidogo," aliomba mjomba wake, Mzee Abrahman. "Tumeikosa sauti hiyo."

"Kesho," mdomo ukajibu. Na jana pia, alipoombwa aadhini, ulijibu kesho.

Radhiya akahisi kitu mkononi, chini ya mtandio wake. Ulikuwa mkono wa Fahmi, baridi, unatetemeka. Kidole kilikuwa kikimkwaruza kiganjani, polepole, herufi baada ya herufi, kwa jitihada ya mtu anayesukuma jiwe. Alizisoma kwa ngozi yake: *si mimi*.

"Mke wangu amechoka," mdomo ukawaambia wageni kwa upole.

Kidole kilianza herufi nyengine, kikaishia katikati. Mkono ukaacha kutetemeka. Ukapata joto, ukageuka, ukavishika vidole vya Radhiya vyote vitano na kuvibana.