Bei ya Kweli kwa Mzee Ndululu

"Warya, kijana! Kwa Ndululu ni wapi?"

Kiema aliinua macho kutoka kwenye kitabu. Kwenye lango la ua wa mama yake alisimama Msomali mrefu asiyemjua, kikoi kiunoni, vumbi hadi magotini. Alikuwa ameshika kamba, na nyuma yake mbuzi watatu walikuwa wakilamba ukuta.

"Ndululu yupi?"

"Yule wa kahawa. Ana binti mwalimu."

Kiema alifunga kitabu. "Na wewe ni nani?"

"Aftin. Nauza mifugo Migwani, nimeshuka na lori hapa Tawa saa hii. Hawa wamenunuliwa na Kilonzo, tajiri wa kule mwenye malori. Yeye na wazee wake watakuja na gari Jumamosi. Akasema niwatangulize wapumzike, wasionekane wamekonda mbele ya wakwe."

Kiema aliwatazama mbuzi tena. Majike wawili, beberu mmoja. Kwa Aftin ile ilikuwa biashara tu. Lakini Mkamba gani asiyejua hesabu hiyo? Ilikuwa ntheo, mbuzi wanaomfanya msichana kuwa mke wa mtu. Wakipokelewa, hata mahari ikichukua miaka ishirini, msichana ana mwenyewe.

"Njia ni ipi? Ama hata wewe ni mgeni hapa?"

"Shuka bonde," Kiema akasema, akishangaa sauti yake mwenyewe. "Panda matuta. Nyumba ya mabati yenye kahawa mbele."

"Mungu akubariki, ndugu yangu."

Kiema alibaki na kitabu mapajani. Mwaka huo wa 1989 alikuwa amemaliza miaka miwili chuo kikuu, Nairobi, akisomea mienendo ya uchumi wa dunia. Kule alikuwa mpweke kwa sababu wenzake walisema "kahawa" kama watu wanaotaja kinywaji. Nyumbani alikuwa mpweke kwa sababu wenzake walisema "kahawa" kama watu wanaotaja mvua: inakuja, inakataa, nani ajuaye? Mtu mmoja tu aliwahi kuinama karibu naye, akatazama mstari wa bei aliouchora mchangani kwa kijiti, akauliza: "Na hapa mbele unaenda wapi?" Mtu huyo alikuwa Muthoki wa Ndululu.

Alimkuta shuleni, darasa tupu, akifuta ubao.

"Umeona mbuzi?" Muthoki aliuliza kabla ya salamu.

"Nimewaonyesha njia."

"Wewe? Umewaonyesha njia?" Alicheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Kweli hicho chuo kimekuharibu!"

"Ulijua tangu lini?"

"Jana. Baba hajakubali, hajakataa. Anakungoja wewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Anataka umwambie bei ya kahawa inaenda wapi. Ikipanda, ataweza kuwasomesha wadogo zangu, Mbuvi na mwenzake, na mimi nitakungoja umalize. Isipopanda, Kilonzo amesema masomo ya wavulana atayabeba yeye." Muthoki aliweka kifutio mezani. "Kiema, mwambie itapanda."

"Muthoki..."

"Mwambie tu mwaka ujao! Nani atatoka hapa aende London kuuliza?"

"Nilimwahidi baba yako. Siku naenda chuo alinibebea sanduku mpaka barabarani. Akasema, 'Huko wanakaa na wale wanaotupangia bei. Niahidi utaniambia ilivyo, hata ikiwa mbaya.' Nikaahidi."

"Na mimi uliniahidi nini?"

Kiema aliokota kipande cha chaki, akakigeuza vidoleni.

"Unaona? Mimi unanichorea mistari tu."

Jioni hiyo Mzee Ndululu alikuwa ameketi kibarazani akichambua buni. Alimsogezea Kiema kigoda.

"Kaa, mwanangu. Hao wanaotupangia bei wanasemaje?"

Muthoki alikuwa anasuuza vikombe mlangoni pa jiko. Hakugeuka.

"Mzee, nchi zinazouza kahawa zilikuwa na mkataba. Ni kama akina mama wa soko la Tawa wakubaliane kila mmoja alete debe moja tu la maembe, bei isianguke. Mwezi wa saba, kule London, mkataba ukavunjika. Sasa kila mwenye ghala amelifungua."

"Soko limejaa maembe."

"Limejaa, Mzee."

"Mpaka lini?"

Maji yaliacha kumwagika jikoni. Kiema aliutazama mgongo wa Muthoki, ule mgongo mwembamba ambao ungegeuka kwa jibu moja tu. Mwaka ujao. Maneno mawili, basi.

"Miaka minne. Labda mitano."

Kikombe kiliwekwa chini, taratibu sana. Muthoki akaingia ndani.

Mzee alitupa kando buni mbovu. "Unajua umejikata mguu?"

"Najua."

"Ungenidanganya. Mimi sijui kusoma."

"Ndiyo sababu siwezi, Mzee."

"Hmm. Wakubwa wa kahawa huniambia 'msimu ujao'. Nimezeeka nikingoja msimu ujao." Alipangusa mikono. "Sikupi binti, usidhani. Wavulana wangu wanahitaji shule, na Kilonzo si mtu mbaya. Lakini nitakupa neno moja. Jumamosi, kabla sijapokea kamba ya mbuzi, nitamuuliza Muthoki mwenyewe mbele ya wageni wote. Si kule jikoni na shangazi zake. Mbele ya watu."

"Asante, Mzee."

"Usishukuru. Kwa vile alivyokasirika, atasema ndiyo."

Usiku Kiema hakulala. Kesho yake akaandika barua, akampa mtoto wa shule aipeleke.

*Muthoki, sikuichagua bei ya London nikakuacha. Nikimdanganya baba yako leo, kesho utaolewa na mwongo. Niambie kama unanielewa. Kiema.*

Karatasi ilirudi saa saba, ileile. Chini yake kulikuwa na wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu: *Jibu ni sahihi. 100/100. Usije Jumamosi.*

Siku mbili zilizofuata Kiema alimchimbia mama yake mashimo ya taka mawili, wakati lilihitajika moja. Mama aliweka chakula, akakiondoa. Jumamosi asubuhi Mbuvi alikuja mbio.

"Baba anasema uje."

"Dada yako amenikataza."

"Baba anasema uje, usimame kwenye ua, usiseme neno."

Wageni walikuwa wamekwisha kaa. Kilonzo, mnene, mpole, suti ya kijivu, aliwasalimu wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili. Msemaji wake akasimama na ile kamba.

"Wakwe, pokeeni. Mkono wangu umechoka."

"Ngoja," Mzee Ndululu akasema. "Kuna neno kwanza. Muthoki, njoo hapa."

Minong'ono ikazuka. Mulei, ndugu yake Ndululu, alimvuta koti.

"Unafanya nini? Msichana huulizwa jikoni!"

"Nimeahidi."

"Umemwahidi nani? Akikuaibisha mbele ya watu wa Migwani? Na Mbuvi atasomeshwa na nani, na hiyo kahawa yako?"

Hapo Mzee Ndululu alisita. Alitazama mistari ya mikahawa yake, aliyoipanda akiwa kijana, ambayo sasa haikuweza kumnunulia mwanawe hata daftari. Angenyamaza tu, akanyoosha mkono, mambo yakaisha, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Muthoki," akasema. "Umekubali? Tule hizi mbuzi?"

Muthoki alisimama katikati ya ua, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Niulize tena, Baba."

"Tule hizi mbuzi, mwanangu?"

"Msile."

"Kwa nini?" Mulei alifoka. "Mtu huyu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Kilonzo, nisamehe, umetuheshimu." Akamgeukia baba yake. "Mimi ndiye niliyemwambia Kiema akudanganye, Baba. Akakataa. Nimemkasirikia siku tatu nzima. Leo asubuhi nimeamka hasira imeisha, yeye bado yuko."

Kilonzo aliinuka, akakung'uta suruali, akamshika mzee mkono.

"Mzee, umepoteza mtu wa kukusaidia."

"Najua," Ndululu akajibu. "Najua vizuri sana."

Gari liliondoka na Kilonzo, wazee na mbuzi wao. Mulei naye akaenda bila kuaga. Ndululu alirudi akaketi kwenye kigoda kile cha kuchambulia buni, mabega yameshuka, mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. Muthoki alikuja akasimama kando ya Kiema, bila kumgusa, lakini karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Wewe," mzee akaita bila kuinua kichwa. "Ulisema miaka minne?"

"Minne, Mzee. Labda mitano."

"Basi soma haraka. Mbuvi hawezi kuingoja kahawa."